Maswali na majibu: Misaipresi, mipaina na joto linalopanda milimani

Barua nyingi za mwezi huu zinahusu miti inayokauka. Nimechagua zile zinazogusa jambo moja: mti wa mbao unaopandwa leo utakatwa baada ya miaka 25 au 30, kwa hiyo ni lazima uifae hali ya hewa ya wakati huo, si ile aliyoizoea babu.

Baba alipanda misaipresi hapa Turbo ikanenepa. Yangu inageuka kahawia. Je, niliuziwa mbegu mbovu?

Huenda mbegu haina kosa, ndugu yangu. Shika tawi karibu na shina, uligeuze na kulitazama kwa makini. Ukiona wadudu wadogo wa rangi ya kahawia waliosongamana kwenye gome, umajimaji unaonata vidoleni na ukungu mweusi kama masizi, basi hao ni vidukari wa msaipresi, waliogunduliwa nchini Kenya mwaka 1990. Ukavu huanzia ndani ya mti ukielekea nje, ndiyo maana wengi huchelewa kuuona. Mti wenye maji ya kutosha unaweza kuvumilia, lakini uliochoshwa na kiangazi hulemewa, na hapo ndipo mabadiliko ya tabianchi yanapoingia. Kwa wastani, kila unapopanda mita 100, joto hupungua kwa takriban nyuzi 0.6 za Selsiasi. Kwa hiyo joto la eneo likiongezeka kwa nyuzi moja, shamba lako huwa kana kwamba limeteremshwa zaidi ya mita 150. Turbo yenyewe haifiki mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo haina mwinuko wa ziada wa kupoteza. Ondoa miti iliyoathirika sana, punguza msongamano, na usirudie kupanda msaipresi mtupu shamba zima. Tena usikubali kuuziwa dawa ya kunyunyizia miti mirefu: utamaliza pesa na kuua nyuki.

Je, msaipresi utakubali Kisumu?

Hapana, si kwa mbao za maana, panda siala, mti wa asili wa mbao.

Kati ya mpaina na msaipresi, upi una faida zaidi?

Swali hili huja kila mara, na kila mara mwulizaji hataji mwinuko wa shamba, mvua anayopata wala aina ya udongo. Bila hayo matatu sitajibu, na anayekujibu bila kuyauliza anauza miche. Katika miaka ya 1960 nchi hii iliutegemea mno mpaina wa aina moja, radiata, hadi kuvu ilipoanza kuunguza majani yake membamba kama sindano na upanzi wake ukalazimika kuachwa. Sioni kwa nini turudie kosa hilo kwa kutegemea mti mmoja.

Kama joto linapanda, kwa nini mashamba ya miti yasihamishiwe juu zaidi, Cherangani na Elgon?

Kwa sababu mlima hupungua upana kadiri unavyopanda, na huko juu hakuna ardhi iliyokaa bure. Kuna msitu wa asili, mianzi, na chemchemi zinazoulisha mto Nzoia. Na kuna sakitu inayoweza kuua miche michanga. Nasema wazi: kukata msitu wa asili ili kupanda misaipresi, kisha kuita kazi hiyo kupambana na mabadiliko ya tabianchi, ni uharibifu, hata miche hiyo ikihesabiwa katika lengo la serikali ya Kenya la kupanda miti bilioni 15 ifikapo 2032. Turekebishe kwanza mashamba ya zamani yaliyokatwa na kuachwa wazi.

Mimi ni mwanafunzi hapa Nakuru. Je, nchi za baridi hazitafaidika na joto hili?

Kwenye ukingo wa kaskazini kabisa, miti inaweza kukua haraka zaidi. Kwingineko hasara ni kubwa: British Columbia, nchini Kanada, majira ya baridi yaliyolegea yaliwaacha hai mbawakawa wa chini ya gome, wakaangamiza mipaina katika eneo kubwa mno. Ujerumani, ukame ulioanza 2018 uliidhoofisha misprusi, miti ya jamii ya mipaina, ya milima ya Harz, kisha mbawakawa wakaimaliza.

Na mtarakwa?

Ni mti wetu wa nyanda za juu zilizo kavu kiasi, na nguzo zake hustahimili mchwa, ila hukua polepole. Hata hivyo, usidhani hauguswi: katika milima ya Asir, Saudi Arabia, mitarakwa ya aina hii hii imekuwa ikikauka, hasa sehemu za chini. Ukitaka kuipanda Gilgil, tafuta mbegu za miti iliyozoea ukavu, si za mlima wenye ukungu kila asubuhi.