Barua za Wasomaji: Nataka Jeshi, Nataka na Ramani

Mwezi huu barua nyingi kutoka Mtwara na Lindi zimeuliza jambo moja kwa sura tofauti: kijana anayependa ramani atapitaje jeshini, na kazi yenyewe ikoje? Tumechagua sita. Baadhi tumezijibu kwa urefu kwa sababu ndipo wengi wanapokwama.

Shikamooni wahariri. Nimemaliza kidato cha sita, mchepuo wa PGM, hapa Masasi. Nimesoma kwamba jeshi la Marekani lina askari ambao kazi yao ni ramani tu. Nataka kazi hiyo JWTZ. Nianze na JKT au chuo?

Marahaba, mdogo wetu. Ulichosoma ni kweli kwa huko. Jeshi la nchi kavu la Marekani lina fani yenye namba 12Y, na kijana anaweza kusaini mkataba unaoitaja fani hiyo kabla hajavaa sare. Kwetu usiingie na matarajio hayo. JWTZ linakuchukua kwanza kama askari, na baada ya mafunzo ya awali jeshi ndilo linaloamua uende wapi, kwa mahitaji yake. Lililo mikononi mwako ni kuingia ukiwa na cheti cha fani na mkono uliokwisha kuzoea kazi, ili anayepanga watu akikusoma kwenye faili asiwe na sababu ya kukuweka kwingine.

JKT usiliruke. Kama jina lako limo kwenye orodha ya mujibu wa sheria, nenda. Kama halimo, kuna kujitolea, na maombi hayo hupitia ofisi za mkuu wa wilaya na mkuu wa mkoa. Kusini tuna kikosi cha JKT Nachingwea, ila usishangae ukipangiwa mbali. JKT husema wazi katika matangazo yake kwamba halitoi ajira. Hata hivyo tangazo la ajira la JWTZ kwa kawaida humtaka mwombaji awe ameyapitia mafunzo hayo, kwa hiyo cheti chake kitunze bahasha moja na cheti cha kuzaliwa na vyeti vya shule.

Kwa chuo, PGM yako ni njia nyoofu. Chuo Kikuu Ardhi, Dar es Salaam, kina shahada ya jiomatiki, yaani upimaji, picha za anga na ramani kwa pamoja. Chuo cha Ardhi Morogoro kinatoa cheti na stashahada. Mwenye shahada akichaguliwa anaweza kuingia kama afisa mwanafunzi na kufunzwa Monduli. Wa stashahada na wa kidato cha nne mlango wao wa kawaida ni wa askari.

Sasa umri. Kila ngazi ya elimu huwekewa kikomo chake kwenye tangazo, na hapo ndipo vijana wengi wazuri wanapoachwa. Kaa na karatasi leo: umri wako, ongeza miaka minne ya shahada, ongeza miezi ya JKT, ongeza mwaka mmoja wa kusubiri tangazo. Ukiona hesabu inabana, stashahada ni busara zaidi, na shahada utaisoma baadaye.

Sisi tungekushauri chuo mara tu baada ya JKT, hasa ukipata mkopo. Jeshi lisipokuchukua, ujuzi huohuo unatafutwa kwenye ofisi za ardhi za halmashauri, kwenye barabara, maji na misitu.

Mimi ni mwalimu wa jiografia, Nachingwea. Tuna karatasi ya ramani ya zamani ya 1:50,000. Tukichukua vipimo vya kisima cha shule kwa simu na kuvichora juu yake, kisima kinaangukia shamba la jirani, karibu mita 300 kusini. Kibovu ni simu au ramani?

Mwalimu, vyote vizima. Vimepimwa kwa misingi miwili tofauti ya umbo la dunia.

Karatasi hizo ni za mfululizo wa Y742. Gridi yake imekaa juu ya datamu (msingi wa vipimo) ya Arc 1960, inayotumia umbo la dunia la Clarke la 1880. Simu yako inatumia datamu nyingine, WGS84. Kwa huku kusini, namba za gridi za mahali palepale hutofautiana takribani mita 300 kaskazini-kusini na karibu mita 100 mashariki-magharibi. Ukichukua namba za simu ukazichora moja kwa moja juu ya karatasi, nukta hushuka kusini na kusogea mashariki kidogo, kama mlivyoona. Kwenye 1:50,000, milimita moja ni mita 50, kwa hiyo kosa hilo ni milimita sita hivi. Kwa jicho ni dogo, lakini kwa doria inayotafuta kivuko usiku ni kijito kingine kabisa.

Dawa yake ni kuiambia programu ukweli. Kwenye QGIS, programu ya ramani ya kompyuta, karatasi iliyoskaniwa ipe mfumo namba 21037, ambao ni Arc 1960, UTM (gridi inayoigawa dunia kwa kanda) kanda ya 37 kusini. Vipimo vya simu, vikiwa namba za gridi, vipe 32737, ambao ni WGS84 ya kanda hiyohiyo. Programu itabadilisha yenyewe. Usiisogeze picha kwa jicho mpaka "ilingane". Italingana kwenye kisima na kukosea kila mahali pengine, na anayekuja baada yako hatajua ulichofanya.

Wanafunzi watapenda kujua kwamba jina Arc 1960 limetokana na mnyororo wa pembetatu uliopimwa kufuata longitudo 30 mashariki, kutoka Afrika Kusini hadi Misri, ukakamilika mwaka 1954. Na ramani za zamani za namna hiyo zilisimamiwa na idara ya Uingereza ya upimaji wa makoloni, iliyoanza 1946 chini ya Brigedia Martin Hotine, mhandisi wa jeshi. Mkono wa askari katika ramani zetu ni wa siku nyingi.

Kwa kuwa umeuliza habari ya makosa, haya ndiyo mengine yanayotuumiza sana, na tunayapima kwa mji wa Mtwara, uliopo karibu latitudo 10.27 kusini na longitudo 40.18 mashariki. Ukisahau alama ya kutoa, inayoonyesha kusini, mbele ya 10.27, Mtwara inahamia Ethiopia. Ukibadilisha nafasi ya namba mbili hizo, inaangukia bahari ya Atlantiki, magharibi mwa Ureno. Ukichagua kanda ya 36 badala ya 37, inatumbukia Ziwa Nyasa. Haya matatu ni rahisi kugundua kwa sababu kosa ni kubwa mno. La hatari ni la nne: digrii 10 dakika 16 kuandikwa 10.16. Kwa kuwa dakika ni 60 katika digrii, thamani sahihi ni 10.267, na umeshakosea karibu kilomita 12. Kwa Mtwara nukta inaangukia baharini karibu na pwani, lakini kwa kijiji cha bara ingebaki nchi kavu, na hakuna ambaye angeshtuka.

Wafundishe pia gridi ya kijeshi mapema. Sisi tuko eneo la 37L. Husomwa mashariki kwanza, kisha kaskazini. Tarakimu sita zinakupa mraba wa mita 100, nane mita 10, kumi mita moja. Mtoto akikuletea tarakimu kumi alizozisoma kwa rula kwenye 1:50,000, mrudishe: rula haiwezi kuona mita moja kwenye karatasi hiyo.

Niko Kilwa Masoko. Ramani zote zimo kwenye simu siku hizi. Jeshi linamhitaji mchora ramani wa nini?

Ndugu yetu, ramani ya simu inakuonyesha barabara ilivyokuwa siku picha ilipopigwa. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Lindi na Dar es Salaam huko kwenu Kilwa, na simu ziliendelea kuonyesha njia nzima. Kamanda anayepeleka malori ya msaada anauliza mambo mengine: daraja lipi limebaki, lori la tani kumi litapita wapi, watu wa kijiji fulani wamehamia mwinuko upi, na taarifa hiyo ni ya saa ngapi. Mchambuzi wa taarifa za kijiografia anaishi kwa maswali hayo. Kuchora ni sehemu ndogo ya siku yake.

Huku kusini kazi ina ugumu wake. Masika yetu, Desemba hadi Aprili, mawingu hufunika picha za kawaida za setilaiti. Setilaiti za Sentinel-2 zina picha nzuri za mita 10 na hupita kila baada ya siku chache, lakini wiki nzima inaweza kukupa pamba tupu. Hapo unageukia rada ya Sentinel-1, inayopenya mawingu. Maji yaliyotulia huonekana meusi kwenye rada, ila lami na uwanja wa mchanga mkavu navyo huwa vyeusi, na mgeni wa kazi hutangaza mafuriko palipo kavu. Linganisha kila mara na picha ya rada ya kabla ya mvua.

Kiangazi nacho kina mtego wake. Miombo ya Liwale na Nachingwea huungua kati ya Julai na Oktoba, na eneo lililoungua hufanana na shamba jipya au kambi iliyosafishwa. Subiri au tafuta picha ya wiki sita baadaye: palipoungua patachipua, palipolimwa patabaki na kingo zilizonyooka.

Halafu kuna mikorosho na vichaka vya uwanda wa Makonde. Data ya mwinuko ya SRTM, iliyokusanywa kwa chombo cha angani Februari 2000, iliona zaidi vilele vya miti kuliko udongo. Ukipanga mstari wa kuonana wa redio kutoka Newala kwenda bondeni kwa data hiyo bila kuipunguza urefu wa miti, mnara wako utazungumza na majani. Na pwani, picha mbili za ghuba ya Lindi, moja ya maji kujaa na nyingine ya maji kupwa, zitakufanya udhani fukwe imeliwa mamia ya mita. Wavuvi wanaliona hilo kila siku bila setilaiti. Angalia saa ya picha na jedwali la maji kabla hujaandika neno "mmomonyoko".

Mimi ni mama, Newala. Binti yangu anataka kazi hii. Je, si kazi ya kiume? Atakaa ofisini au atapelekwa vitani?

Shikamoo mama. JWTZ lina wanawake, maafisa na askari, na ramani haichagui. Lakini tusikufiche: askari wa ramani ni askari kamili. Atakimbia, atalala porini, atashika silaha, na vikosi vyetu vimekuwa vikitumwa kulinda amani nje, Kongo na Jamhuri ya Afrika ya Kati zikiwemo. Anayetaka kompyuta na kiyoyozi tu aombe kazi ya kiraia. Matangazo pia kwa kawaida hutaka mwombaji ambaye hajaolewa wala hajaoa, kwa hiyo mambo ya posa yazungumzeni mapema nyumbani.

Jambo moja la kufanya sasa: mpelekeni apimwe macho, na muombe kipimo cha rangi, kwa mfano pale hospitali ya Ligula. Wachambuzi hutumia picha ambazo majani yamewekwa rangi nyekundu, na asiyetenganisha nyekundu na kijani atateseka. Afadhali alijue hilo akiwa shule kuliko mbele ya daktari wa jeshi.

Kuna mtu hapa Lindi mjini anasema nikimpa shilingi laki nne ataniingiza "kitengo cha ramani".

Ni tapeli, kijana wetu. Usimpe hata mia. Nafasi za jeshi haziuzwi, na jeshi lenyewe limeonya mara nyingi. Toa taarifa polisi.

Niko Mikindani, nina kompyuta ya RAM GB 8 na muda. Nijifunze nini nyumbani ili nisiwe mweupe siku ya usaili?

GB 8 zinatosha. Pakua QGIS, ni bure. Kisha jisajili Copernicus, tovuti ya Ulaya ya picha za Sentinel, nako bure, uchukue kipande kimoja cha Sentinel-2 cha ghuba yenu. Kipande ni kilomita 110 kwa 110 na kinaweza kukaribia GB 1, kwa hiyo tumia bando la usiku, au chukua bendi (tabaka za picha) nne tu za mita 10: ya 2, 3, 4 na 8. Chagua picha ya Julai au Agosti, mawingu chini ya asilimia 5.

Gawa eneo katika makundi matano, uyachore kwa jicho: mikoko, minazi na mikorosho, majengo, mchanga, maji. Kisha teua nukta 50 kwa bahati nasibu, kumi kila kundi, uzifuate kwa miguu. Kila nukta simama dakika mbili mahali peupe simu itulie, andika ulichokiona kabla hujatazama ramani yako. Ukitazama kwanza, macho yatakudanganya ukubaliane nayo. Rudi upige hesabu: ngapi kati ya 50 zimelingana? Ukipata 38, andika 38. Mikoko michanga na minazi iliyobanana ndiyo itakayokuangusha, na ueleze kwa nini. Usaili unaweza kumvutia mwenye 38 aliyeeleza makosa yake kuliko mwenye 50 zisizo na maelezo.

Angalizo zito: usichore kambi, bandari wala mitambo ya gesi, na usirushe droni bila kibali. Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970 inalinda maeneo maalumu, na "nilikuwa najifunza" si utetezi.

Ramani yako ya mwisho iwe na jina, ufunguo, skeli ya mstari, kaskazini, gridi yenye namba, datamu, na jina lako. Tarehe ziwe mbili: ya picha na ya siku uliyozifuata nukta kwa miguu. Wengi huandika ya kuchapisha tu, na msomaji akadhani mikoko aliyoiona ni ya leo.