Chombo cha mtumba, fuata waya mpaka ukutani

Juzi kijana mmoja kaniandikia: "Shikamoo kaka, nina laki mbili, nataka gitaa la mtumba, nisaidie nisipigwe." Chini yake picha ya gitaa jeusi limelazwa kitandani. Marahaba mdogo wangu. Nitakujibu, ila nivumilie kidogo, maana umegusa kidonda.

Mwaka 2016 nilikuwa mpiga kinanda wa kwaya yetu huku Mbagala. Tukachangishana, kina mama wakauza maandazi kila Jumapili baada ya ibada, ikapatikana shilingi 450,000. Nikakabidhiwa mimi, mtaalamu. Kariakoo niliingia na shati la pasi kama naenda kuposa, winga, yaani dalali wa mtaani, akaninasa hata dukani sijafika: "Mkubwa, mzigo wa Japani huo, umeshuka juzi tu." Chumba cha nyuma kinanda kikawashwa, nikakaa, nikapiga. Ile sauti ya ogani! Vitufe vyote 61 vinaitika. Nikapunguziwa elfu ishirini nikajiona mjanja wa mjini.

Jumamosi mazoezini nikachomeka. Kiliwaka, nikapiga kodi moja (noti kadhaa kwa pamoja), ndani kukalia kama bisi zinapasuka sufuriani, halafu moshi mwembamba ukapanda kutoka upande wa spika. Waimbaji wa sauti ya kwanza wote walikimbilia dirishani. Mama mmoja, mweka hazina, hakukimbia. Alibaki amekaa ananitazama tu.

Fundi alikigeuza, akanigusishia kibandiko kwa ncha ya bisibisi: AC 100V. Umeme wa Japani ni volti 100, wetu ni 230. Kule dukani kilikuwa kimechomekwa kwenye transfoma iliyofichwa chini ya meza, waya umepita nyuma ya pazia. Kwa hiyo usiniambie "kijaribu kabla hujanunua". Nilikijaribu! Nilichokosa ni kuufuata waya kwa macho mpaka ukutani. Hadi leo wapo wanaoniita Mwalimu Moshi. Wakicheka nacheka nao.

Basi kinanda, amplifaya, chochote cha umeme: kigeuze, soma kibandiko. Cha Japani kitaandikwa 100, cha Marekani 120. Si lazima ukikimbie, transfoma za kushusha umeme zipo, lakini bei yake ijumlishe palepale dukani, usije ukaikumbuka nyumbani.

Gitaa langu nililipata miaka miwili baadaye kwa mzee mmoja wa Tandika aliyewahi kupiga gitaa la rizimu kwenye bendi za dansi. Shilingi 120,000. Nilikaa barazani kwake karibu saa tatu, na kila ninachokijua kuhusu kununua gitaa nilikijua siku ile. Nilipolidaka nianze kulipiga akanizuia mkono: "Mwanangu, litazame kwanza." Akaliinua, akafumba jicho moja, akaitazama shingo kwa urefu wake kama seremala anayekagua ubao. Shingo iliyopinda itakutesa vidole maisha. Akanionyesha pale kichwa kinapokutana na shingo, ndipo gitaa likianguka hupasukia, na ufa uliogundishwa huonekana kama unywele. Akachukua kipande cha karatasi, akajaribu kukipenyeza chini ya daraja lililoshika nyuzi. Hakikuingia. Kikiingia, gundi imeshaachia, na joto la Dar litamalizia.

Halafu freti ya 12, yaani kile kijiti cha chuma cha kumi na mbili kinachokatiza shingo, ukihesabu kutoka kichwani. Gusa uzi juu yake bila kuukandamiza, upige. Kisha ubane hapohapo, upige tena. Sauti mbili zilingane. Zikipishana, utatyuni mpaka uzeeke na kodi za juu bado zitalia vibaya. Fanya uzi mmoja mmoja, na nyuzi zenye kutu zisikutishe, hizo unabadilisha.

Wiki iliyopita kwenye harusi moja jamaa kanipa ofa ya laki tatu kwa gitaa hilohilo. Nikakataa, nikalirudisha mgongoni taratibu watu wote waone.

Lakini vijana hamna subira. Mnanunua rangi, mnanunua nembo iliyobandikwa, mnanunua siku ileile hela imeingia kwenye simu. Winga anaijua njaa yako kabla hujafungua mdomo. Nenda ukiwa huna hela, mdogo wangu, shika, tazama, rudi nyumbani. Nenda na mtu anayepiga kukuzidi, hata kama anaringa. Na usitume hela kwa sababu ya picha.

Nikirudi kwenye picha yako: nimeikuza, karibu na kichwa naona mstari mweusi umekatiza shingo. Huenda ni kivuli cha pazia. Mwambie muuzaji alitoe nje juani, apige tena picha akiwa amelishika kwa upande. Akikuambia chaji imeisha, ujue.

Jumamosi nipo, njoo tufuatane. Kwaya inanunua spika mpya siku hiyo, na wamemtuma mtu mwingine.