Fungua kabati, waache wachague: ushauri kwa mwalimu aliyekabidhiwa maktaba

Nimefundisha Kiswahili sekondari za kata na kila nilikopita nilikabidhiwa na maktaba juu yake, maana ndo kawaida, mwalimu wa lugha ndo anapewa funguo. Kama na wewe umepewa mwaka huu basi haya nakuandikia wewe. Nilichokiona ni kwamba mwanafunzi haanzi kupenda kusoma kwa sababu ametangaziwa paredi kuwa kusoma ni kuzuri, anaanza siku akishika kitabu alichokichagua mwenyewe, kwa lugha anayoielewa, na hakuna mtu anayemsubiri na maswali akimaliza.

Tuanze na lugha maana hapa ndo tunawapoteza wengi. Mtoto aliyetoka shule ya msingi ya serikali amesoma miaka saba kwa Kiswahili, akifika fomu wani karibu kila somo limegeuka Kiingereza, alafu anaingia maktaba anakuta shelfu zimejaa vitabu vya msaada kutoka Uingereza na Marekani, vinene, vingine vinaelezea kompyuta ambazo hata huko kwao hazipo tena. Anafungua kimoja, ukurasa wa kwanza tu maneno yanamshinda, anakirudisha na hapo ndo umeshampoteza. Watu wanasema watoto wa siku hizi wavivu wa kusoma, mimi nakataa kabisa, nimewaona wakigombania kitabu kimoja cha upelelezi cha Kiswahili mpaka jalada likatoka.

Kwahiyo shelfu ya karibu na mlango iwe ya Kiswahili. Weka ngano, hadithi fupi, riwaya za upelelezi na za mapenzi ya heshima, weka na vitabu vyembamba vya shule ya msingi pia, usione aibu, wapo wanafunzi wa fomu wani ambao kitabu cha kurasa ishirini ndo kitakuwa cha kwanza kukimaliza maishani mwao na ukiona furaha aliyonayo akikirudisha hutadharau tena kitabu chembamba. Kama shule ya msingi ya jirani wana vitabu vya ule Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza tangu 1991, kaongee na mwalimu mkuu wao muazimane kwa zamu. Kama shule ina printa, ingia tovuti ya African Storybook, kuna hadithi nyingi za Kiswahili za bure zinazoruhusiwa kuchapwa, unachapa, unabana na stepla, kitabu tayari. Na ufuatilie washindi wa Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, imeanza kutolewa 2023, humo utapata waandishi wapya wanaoandika mambo ya sasa ambayo hawa watoto wanayaishi.

Kuhusu kupanga. Ukienda kwa mfumo wa Dewey, ule wa maktaba wa kupanga vitabu kwa namba kufuata mada, fasihi iko 800 na fasihi ya Kiswahili inaangukia huko 896 na nukta zake, ni mpangilio mzuri na Bodi ya Huduma za Maktaba wanaufahamu vizuri wakikuelekeza, ila mtoto wa miaka kumi na nne hatafuti namba, anatafuta "kile cha mapolisi". Bandika karatasi yenye maneno hayo hayo ya kwao: Upelelezi, Mapenzi na Maisha, Hadithi za Kale, Mpira. Vitabu vizuri vigeuze jalada litazame mbele.

Hapo kwenye mpira pana siri kubwa. Wavulana wengi hawaingii maktaba kabisa, lakini omba magazeti ya jana ofisini, Mwanaspoti hasa, weka mezani saa nne wakati wa mapumziko, utaona wanavyojaa. Kusoma habari za usajili wa Simba na Yanga ni kusoma, anasoma kwa kasi, anabishana na mwenzake na wanarudia kusoma kuhakikisha nani kasema kweli. Wakishazoea kukaa pale, baada ya wiki chache kuna mmoja atanyoosha mkono kwenye shelfu ya pembeni.

Alafu wasomee kwa sauti. Hata wa fomu foo wanapenda kusomewa, usidanganyike na ukubwa wao. Dakika kumi za mwisho za kipindi chukua riwaya, soma vizuri, sauti za wahusika zitofautiane, ukifika pale pa moto kabisa, mtu anagonga mlango usiku na aliye ndani anajua ni nani, funga kitabu na uwaambie kipo maktaba. Katika yote niliyowahi kujaribu hakuna linalozidi hili, jioni wanakuwa wanakisubiri kwa foleni na inabidi uandike majina ya wanaofuata.

Maswali usiulize. Fasihi ya mtihani tayari wanayo, dhamira, wahusika, mandhari, wamekaririshwa mpaka riwaya wanaiona kama dawa chungu. Kitabu cha maktaba kiachwe huru. Mimi nilikuwa nabandika karatasi tupu ndani ya jalada la nyuma, aliyemaliza anaandika neno lolote kwa anayefuata, mmoja aliandika "usisome usiku kama unalala peke yako" na kile kitabu hakikukaa tena kwenye shelfu muhula mzima. Na kisipomnogea aruhusiwe kukirudisha nusu, achukue kingine.

Sasa vitabu kupotea. Najua hofu ya walimu wengi, wakaguzi wakija na leja inaonyesha vitabu pungufu utajibu nini, ndo maana makabati yanafungwa. Kaa na mkuu wa shule mapema mkubaliane kuwa vitabu vya hadithi vinavyoazimwa vitachakaa na vichache vitapotea, iandikwe, yawe makubaliano ya shule sio yako peke yako. Daftari la kuazima washike wanafunzi wenyewe, kila darasa na wawili wake, wanajuana majumbani wanakotoka hivyo wanafuatilia kuliko wewe. Aliyepoteza asifukuzwe shule akamlete mzazi, akifanyiwa hivyo marafiki zake wote wanaacha kuazima, mpe kazi ya kugundisha vitabu vilivyochanika, gundi na kitambaa, wiki kadhaa. Na maktaba isitumike kama sehemu ya adhabu wala stoo ya majembe, kuna shule nilifundisha ilikuwa hivyo na watoto walikuwa wanapita mbali na ule mlango.

Mwisho kabisa likizo ya Juni. Usikusanye vitabu vyote kabla ya kufunga shule kama tulivyozoea, waazime viwili viwili waende navyo, hasa wa kutwa wanaoishi mbali, maana siku za shule wakifika nyumbani ni maji, kuni na wadogo zao, lakini likizoni mchana unapatikana muda, na wengine wanawasomea bibi zao ambao hawakupata kusoma. Wakifungua shule wape wiki mbili za kurudisha bila ukali.