Re: Stata ya Probox iko wapi?

Mkuu, umesema Probox yako ya injini ya 1NZ inalia "tak" moja tu ukiwasha, na stata (mota inayozungusha injini ili iwake) huioni. Fungua boneti, fuata waya mnene unaotoka chanya ya betri kushuka chini. Unaishia kwenye stata: mtungi mweusi umelala pale injini inapoungana na gia boksi, upande wa rejeta, chini ya manifodi ya hewa (mabomba yanayoingiza hewa kwenye injini). Ule mtungi mdogo uliopanda mgongoni ndio solenoidi, swichi ya umeme ya stata.

Kabla hujagusa, chukua spana namba 10, fungua terminali ya HASI kwanza. Ule waya mnene wa stata una umeme muda wote, hata ufunguo ukiwa mfukoni. Spana ikigusa chanya na bodi kwa pamoja, cheche zake si za mchezo. Mimi niliunguza saa ya mkononi hivyo hivyo.

Ukilazimika kuingia chini, weka stendi chini ya gari na uweke vizuizi kwenye magurudumu ya nyuma. Jeki peke yake, hapana. Injini ipoe pia.

Ila anza na terminali za betri. Zikiwa na ule unga mweupe, zisafishe, ukaze, ujaribu tena kabla ya kushusha stata.