Data hazijawahi kufunga msitu

Wadogo zangu mlioingia maliasili juzi juzi, nawapenda, lakini kuna sentensi moja mkiitamka tena nitatoka ukumbini: "Data zinaonyesha eneo hili lifungwe." Data zinaonyesha idadi ya miti, mwenendo wa samaki, kina cha maji. Kufunga, yaani kuzuia watu wasilitumie, ni uamuzi, na uamuzi una mwenyewe. Mwenyewe ni wewe, na malezi yako, na chuo ulichosoma, na vitu unavyovipenda bila kukiri. Sisi wa zamani tulijificha nyuma ya sentensi hiyohiyo, ndiyo maana inaniudhi kiasi hiki.

1. Kabla hujafungua ramani, andika nini kikipotea utaumia, na nini kikipotea wala hutashtuka. Orodha ya pili ndiyo ya kuogopa.

2. Safu ya uzito. Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo nilipoungulia.

Jedwali la kulinganisha machaguo mnalijua: machaguo pembeni, vigezo juu, na chini yake uzito, yaani kila kigezo kina thamani kiasi gani, jumla 100. Nilikuwa mgeni kazini, nimesomea ndege wa porini na kichwani nina ndege tu. Usiku mmoja nikajaza peke yangu: bioanuwai (wingi wa aina za viumbe) 40, maji 25, kipato cha wenyeji 20, mbao 10. Zikabaki 5. Nikazitupia kwenye "utamaduni" kwa sababu ndizo zilizobaki. Sikumuuliza mtu. Wala sikuhisi kwamba nimeamua jambo. Nilijiona najaza fomu.

Jedwali likatoa jibu: kanda ya kaskazini ifungwe kabisa. Kwenye mkutano wa wadau nikasimama na grafu zangu za rangi, wakapiga makofi ya adabu. (Makofi ya adabu bado hamjayajua yanavyosikika. Mtayajua.) Ndani ya kanda ile kulikuwa na makaburi ya wazee wao. Kwenye ramani palikuwa na alama ndogo ya kijivu, na nilijua ni ya nini. Hakuna aliyenipinga. Waliacha tu kuja. Doria ikaanza kukosa watu, mwisho wakabaki walinzi wa kuajiriwa peke yao. Njia za kuzuia moto, ambazo wenyeji walikuwa wakizifyeka kwa hiari kila kiangazi, zikaota nyasi za kufika kiunoni. Moto ulipokuja ulipita humohumo, na cha kwanza kuungua kikawa kile nilichokifunga kwa ajili ya ndege wangu.

Baadaye mwenzangu alichukua jedwali lilelile, akatoa 10 kwenye bioanuwai akazihamishia kwenye utamaduni. Basi. Kanda yangu ya kufungwa ikashuka hadi nafasi ya tatu, na juu likapanda chaguo la matumizi ya pamoja, ambalo mimi nililiandikia barua pepe kuliita "la kisiasa". Barua pepe hiyo anayo hadi leo na huisoma kwa sauti kila tukimuaga mstaafu. Kuchezesha uzito namna ile hakumalizi hata nusu saa. Fanyeni kabla ya mkutano, msingoje moto.

Na asitokee mtu kuniambia dawa ni kuacha hisia nyumbani. Ndege nawapenda mpaka sasa. Ila niliwaficha ndani ya jedwali, mahali ambapo hakuna mtu angeweza kunihoji habari zao.

3. Mtu akikupinga, usikimbilie "hajaelewa, tumpe elimu". Mara nyingi ameelewa vizuri mno. Gifford Pinchot na John Muir wote wawili walikuwa watu wa misitu, Wamarekani wa zama moja, na waligombania bonde moja: Hetch Hetchy, ndani ya Hifadhi ya Yosemite. Jiji la San Francisco lilitaka kujenga bwawa huko, na dai hilo lilipata nguvu baada ya tetemeko na moto wa 1906. Kwa Pinchot, asili ilikuwa ya kutumiwa kwa busara ili iwafae wengi kwa muda mrefu. Kwa Muir, bonde lile lilikuwa hekalu. Bunge liliidhinisha bwawa mwaka 1913. Sasa niambieni, ni kipimo gani cha mtiririko wa mto kingewapatanisha wale wawili?

4. Kiwango cha punguzo, yaani asilimia ya kupunguzia faida ya kesho ili kupata thamani yake ya leo. Mnakiacha kwa mwanauchumi kana kwamba ni mambo ya uhasibu. Faida ya 100 itakayopatikana miaka 50 ijayo, ukiipunguza kwa asilimia 10 kwa mwaka, leo haifiki hata 1. Ukiipunguza kwa asilimia 2, ni kama 37. Msitu uleule, miti ileile. Anayechagua kiwango anaamua wajukuu wana uzito gani, kwa hiyo kaa naye meza moja anapochagua.

5. Makadirio yakiwa na shaka, uliza ni nani ataumia tukikosea. Kule Newfoundland, Kanada, viwango vya kuvua samaki aitwaye cod viliendelea kuwekwa juu kwa kuhofia ajira, hadi mwaka 1992 serikali ikalazimika kusimamisha uvuvi huo, na watu wapatao 30,000 wakakosa kazi. Walioogopa kupoteza ajira hawakuwa wajinga wala wabaya. Walithamini kitu cha kweli, wakakihesabu kwa msimu mmoja mmoja.

6. Mkutano ukifungwa, usiwahi gari. Baki mkunje viti pamoja. Hapo ndipo utakapoambiwa.

7. Muhtasari. Andikeni waliopinga walisema nini, kwa maneno yao wenyewe, na kila namba ya uzito iwe na jina la aliyeiweka. "Mjadala mpana ulifanyika" si muhtasari. Rasimu yoyote itakayonifikia na maneno hayo nitairudisha bila kuisoma, na msinipigie simu kuniuliza kwa nini.