Kidonge Kinapovua Kofia: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Mwaka wa Utarajali Kiwandani

Barua za mwezi huu nyingi zimetoka Dodoma na Singida, kwa wanafunzi wa famasia wanaomaliza miaka minne ya chuo na kuingia utarajali. Tumejibu sita.

*Nimepangiwa kiwanda cha vidonge Dar es Salaam, naripoti baada ya wiki tatu. Nisome nini kabla sijaondoka? — Mwanafunzi, Ng'hong'hona, Dodoma*

Weka kando madaftari ya famakolojia. Siku za mwanzo hakuna atakayekuuliza dawa inafanyaje kazi mwilini. Utaulizwa kilo ngapi. Tuseme fomula inataka kilo 50 za kiambato hai, yaani dawa yenyewe, kwa hesabu ya asilimia 100, na cheti cha malighafi kinaonyesha asilimia 98.5. Gawanya 50 kwa 0.985, unapata kilo 50.76. Zile gramu 760 za ziada hupunguzwa kwenye kijazio, wanga au laktosi, ili uzito wa bechi, yaani mkupuo mmoja wa uzalishaji, ubaki palepale. Wengi hukumbuka kuongeza, kupunguza wakasahau. Matokeo yake bechi inazidi uzito, na kila kidonge kinapungukiwa dawa kidogo. Soma pia kama hiyo 98.5 ni ya unga ulivyo au ya unga uliokaushwa, kwa sababu ikiwa ni ya uliokaushwa, unyevu nao unaingia kwenye hesabu.

Pili, rudia kipimo cha uwiano wa uzito. Unapima vidonge 20, kimoja kimoja. Kwa vidonge vya wastani wa miligramu 250 na kuendelea, visizidi viwili vitakavyotoka nje ya asilimia 5 ya wastani, na kusiwe na hata kimoja kitakachotoka nje ya asilimia 10. Hapa kuna mtego mmoja wa kila mwaka: kidonge cha paracetamol cha miligramu 500 hakina uzito wa miligramu 500. Kikiwa na wastani wa 580, mipaka ni 551 hadi 609, na ile ya mwisho ni 522 hadi 638. Mtarajali anayepiga hesabu kwa 500 atakataa bechi nzima isiyo na kosa lolote.

Mengine utayakuta hukohuko. Pete, saa na kucha bandia ziache nyumbani. Ukiwa unaharisha au una kidonda mkononi, mwambie msimamizi kabla hujavaa koti.

*Vidonge vyetu vya paracetamol vinabanduka juu kama vinavua kofia. Nilipotaka tuongeze mgandamizo, fundi mashine alikataa, ila hakunieleza sababu. Si kitu kikiwa legelege kinakazwa? — Mtarajali, kwao Kondoa*

Fundi wako yuko sahihi. Kidonge kinachovua kofia si legelege. Mara nyingi kimekazwa kupita kiasi na hewa imebaki ndani. Chembechembe, yaani unga uliofanywa punje kabla ya kugandamizwa, zinapoingia kwenye tundu la mashine huwa zimebeba hewa. Ngumi ya juu, kile chuma kinachobana unga, ikishuka kwa kasi, hewa haipati pa kutokea, inabanwa pamoja na unga, na kidonge kinapotolewa inatanuka na kung'oa tabaka la juu. Paracetamol ina tabia hiyo kuliko dawa nyingi kwa sababu fuwele zake hubonyea kisha hurudi zilivyokuwa, hazishikani kwa hiari. Ukiongeza mgandamizo unaongeza nguvu ya kurudi.

Fuata mpangilio huu. Kwanza punguza kasi ya mashine, uone kama kofia zinapungua. Kama mashine ina mgandamizo wa awali, uongeze huo badala ya ule mkuu, maana ndio unaotoa hewa mapema. Halafu pima unyevu wa chembechembe. Mara nyingi hulengwa kati ya asilimia 1 na 3, ingawa namba halali ni ile ya fomula yenu. Zilizokaushwa mno hazishikani. Chekecha kidogo uone unga laini ni kiasi gani, kwa kuwa ukizidi, hewa nayo inazidi. Baada ya hapo uliza bechi ilichanganywa na magnesiamu stearati kwa dakika ngapi. Kilainishi hicho kinawekwa kidogo, kwa kawaida robo ya asilimia hadi asilimia moja, na huingia mwisho kwa dakika chache tu. Mashine ya kuchanganyia ikisahauliwa inazunguka, kinapaka kila chembe mafuta: kidonge kinakuwa dhaifu, na hata kikipona kinachelewa kuyeyuka. Kosa hilo halionekani kwa macho, ndiyo maana tunalihofia kuliko kofia zenyewe. Kama yote hayo ni sawa, mwombe fundi akague kuta za tundu. Zikilika katikati, kidonge hubanwa kinapopandishwa.

Usisahau kipimo cha kumomonyoka. Kwa kidonge cha miligramu 580, chukua 11, ndivyo vinavyokaribia zaidi gramu 6.5. Vizungushe mara 100, mizunguko 25 kwa dakika. Vikiingia na gramu 6.380 vikatoka na 6.340 baada ya kupanguswa vumbi, upotevu ni asilimia 0.63, chini ya kikomo cha asilimia 1. Lakini kimoja kikitoka kimevua kofia, usihangaike na kikokotoo: sampuli imeshindwa.

*Habari za kazi wanangu. Binti yangu yupo utarajali kiwandani, miezi mitatu sasa wamemweka stoo. Anasema anapoteza mwaka. Nimwambieje? — Mama, Nkuhungu*

Shikamoo mama. Mwambie stoo ya kiwanda cha dawa si stoo ya duka. Pipa la malighafi likishushwa kwenye lori linaingia karantini, yaani linatengwa, na haliguswi mpaka maabara itoe matokeo. Aombe kufuatana na mchukua sampuli. Yakija mapipa 25, mpango mmoja unaotumika ni kipeuo cha pili cha idadi ukajumlisha moja, yaani mapipa 6, ila utambulisho wa kila pipa unathibitishwa peke yake. Aulize kwa nini kuna tofauti hiyo. Jibu lake ni kwamba lebo moja iliyobandikwa kimakosa inatosha kuweka dawa nyingine kabisa kwenye kidonge. Pia ajifunze kupanga mzigo kwa tarehe ya kuisha muda: kinachowahi kuisha ndicho kinachotangulia kutoka, hata kama kiliingia jana. Bohari za MSD (Bohari ya Dawa ya serikali) nazo zinaendeshwa kwa kanuni hiyohiyo. Ila miezi mitatu ikizidi, mama, kitabu chake cha kumbukumbu kitakosa sehemu zinazotakiwa kujazwa. Aandike barua ya heshima kwa msimamizi, aambatanishe ratiba ya mzunguko, asingoje mwezi wa kumi.

*Niliandika 4.82 badala ya 4.28 kwenye rekodi ya bechi. Nikapaka tipeksi. Sasa naitwa ofisini. Kosa ni kubwa hivyo? — Mtarajali, Manyoni*

Kukosea namba si kitu, tipeksi ndiyo iliyokupeleka ofisini. Ungepiga mstari mmoja juu ya 4.82, namba ibaki inasomeka, ukaandika 4.28 pembeni, sahihi yako, tarehe na sababu: "nimegeuza tarakimu". Mkaguzi wa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, akikuta mstari anapita, akikuta tipeksi anaanza kutafuta kilichofichwa chini yake. Vivyo hivyo usiandike uzito kwenye kiganja au kipande cha karatasi ili uje kunakili, na usijaze saa ambayo bado haijafika. Ukisahau kujaza kwa wakati, andika leo kwa tarehe na saa ya leo, useme ni ingizo lililochelewa, na aliyeshuhudia asaini. Ukienda ofisini eleza hivyohivyo. Karatasi ya mizani, kama bado ipo, ndiyo itakayokutetea.

(Ukikuta fomu za zamani zimeandikwa TFDA, usishtuke. Jina lilibadilika mwaka 2019, usimamizi wa chakula na vipodozi ulipohamia TBS, shirika la viwango.)

*Dodoma ni kukavu. Je, kiwanda cha vidonge huku kisingekuwa na nafuu kuliko Dar kwenye joto la unyevunyevu? — Mwanafunzi, Area C*

Nafuu ipo kwa dawa zinazonyonya unyevu, hasa vidonge vinavyochemka kwenye maji. Lakini hewa kavu ina hila zake: unga unashika umeme tuli na kung'ang'ania kuta za mashine, na chembechembe zikisubiri usiku kucha bila kufunikwa hupoteza unyevu. Hapo tunarudi kwenye kofia. Ndiyo maana popote kiwanda kilipo, unyevu wa chumba unapangwa na mitambo, hauachiwi msimu.

Tatizo kubwa zaidi lingekuwa maji. Tazama ukoko mweupe kwenye birika lako: hiyo ni chumvi ya maji ya chini ya ardhi. Maji ya kutengenezea dawa lazima yalainishwe, yapite kwenye utando wa kuchuja kwa shinikizo, na upitishaji wake wa umeme usizidi maikrosimensi 1.3 kwa sentimita kwenye nyuzi 25. Vijidudu visizidi 100 kwa mililita. Maji magumu yakiingia bila kulainishwa, utando huziba kabla ya wakati wake, na hiyo ni gharama ya kila mwaka. Ukipata nafasi ya kuzunguka chumba cha maji cha kiwanda chochote, usikikimbie kwa sababu hakina vidonge.

*Naruhusiwa kupiga picha mashine kwa ajili ya ripoti yangu ya mwisho? — Mtarajali, Singida*

Hapana, isipokuwa kwa kibali cha maandishi. Simu iache kabatini. Chora mchoro wako kwa mkono, taja bechi kwa herufi (A, B, C) badala ya namba zake halisi, ondoa majina ya wateja na kiasi kamili cha viambato, kisha mpe msimamizi rasimu wiki mbili kabla ya tarehe ya kuwasilisha. Hizo wiki mbili ni kwa sababu hatasaini siku ileile. Ataipeleka kwanza kwa watu wa uthibiti ubora.