Maswali ya Wasomaji: Kaboni Imepungua, Je, Unga Wangu ni Mchafu?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa kemia hapa Tanga, eneo la Chumbageni, na ninasomea shahada ya uzamili. Nilichemsha moli mbili za salisilaldehaidi na moli moja ya ethilinidiamini katika ethanoli, nikapata fuwele za njano za saleni, ambayo ni besi ya Schiff, yaani kiwanja chenye kifungo maradufu cha kaboni na nitrojeni. Nilipoongeza asetati ya shaba nilipata unga wa kijani kilichokoza. Chupa ya unga huo ilikaa nyumbani kwangu masika yote kabla ya kupelekwa kupimwa. Katika infraredi, kipimo kinachoonyesha mitetemo ya vifungo vya atomi, mstari wa kifungo cha kaboni na nitrojeni umeshuka kutoka 1635 hadi 1627 kwa sentimita. Hata hivyo, vipimo vya elementi vinaonyesha kaboni asilimia 55.3, hidrojeni 4.6 na nitrojeni 8.1, ilhali hesabu yangu ya saleni iliyoshika shaba, ikiwa safi, ni 58.3, 4.3 na 8.5. Je, unga huu ni mchafu? Na je, ninaweza kuandika kwamba umbo lake ni la oktahedroni, yaani shaba imezungukwa na atomi sita?

JIBU: Ndugu Mwalimu, usiumwage unga huo, kwa sababu tarakimu zako zina mpangilio ambao uchafu wa kawaida hauuleti. Gawanya kaboni kwa nitrojeni: hesabu yako inatoa 6.86 na vipimo vinatoa 6.83, yaani uwiano haukubadilika. Kama asetati ya shaba ingebaki ndani, au ethanoli isingekauka, uwiano huo ungepanda, kwa kuwa vitu hivyo vina kaboni bila nitrojeni. Kilichoingia hakina kaboni wala nitrojeni, lakini kina hidrojeni, maana hidrojeni imeongezeka. Ongeza molekuli moja ya maji kwenye fomula: uzito wa moli unapanda kutoka 329.8 hadi 347.9, na asilimia zinakuwa 55.2, 4.6 na 8.1. Ni vigumu kupata ulinganifu mzuri kuliko huo.

Linalobaki ni kujua maji hayo yamekaa wapi, na hapa hewa ya pwani yetu, yenye unyevu mwingi, lazima ihesabiwe. Omba kipimo cha kupungua kwa uzito kwa joto. Molekuli moja ya maji itaondoka na asilimia 5.2 ya uzito. Maji yaliyonata juu ya unga hutoka mapema, kwa kawaida kabla ya nyuzi 100; yaliyomo kati ya molekuli za fuwele hutoka baadaye kidogo; na yaliyoshikwa na metali yenyewe mara nyingi husubiri hadi nyuzi 150 au zaidi. Kisha kausha sehemu ya unga katika desiketa (chombo cha kukaushia kinachofungwa kabisa) yenye jeli ya silika, uipime tena elementi zake. Tazama pia infraredi karibu na 1660: mstari ukijitokeza hapo, huenda sehemu ya besi imerudi kuwa aldehaidi, kwani muungano uliotengenezwa kwa kutoa maji huweza kuvunjwa na maji, hasa penye asidi.

Kuhusu oktahedroni, nakusihi usiandike. Kushuka kwa mstari wa infraredi kwa 8 tu kunaunga mkono kwamba nitrojeni imeshika shaba, lakini hakusemi chochote kuhusu umbo. Momenti ya sumaku, yaani kipimo cha nguvu ya sumaku ya metali, nayo haitakusaidia sana, kwa sababu shaba ya chaji mbili hutoa takribani magnetoni za Bohr 1.7 hadi 2.2 katika maumbo mengi. Saleni hushika metali kwa nitrojeni mbili na oksijeni mbili zilizo karibu katika bapa moja, na inajulikana kwamba molekuli hizo zenye shaba, zikiwa hazina maji, hujipanga mbili mbili, kila shaba ikiazima oksijeni ya jirani na kuzungukwa na atomi tano. Umbo kamili litathibitishwa na eksirei ya fuwele moja, kipimo kinachoonyesha mahali pa kila atomi.

Ukikosa eksirei, tengeneza changamano la nikeli, yaani kiwanja ambamo nikeli imeshikwa na saleni hiyo hiyo. Nikeli hueleza umbo lake waziwazi: katika mraba bapa, ambamo atomi nne zinaizunguka nikeli kwenye bapa moja, unga huwa wa rangi ya chungwa na momenti yake ni sifuri, ilhali katika oktahedroni hufika takribani 2.9 hadi 3.3. Matokeo hayo yatakuwa ushahidi wa jinsi ligandi yako (molekuli inayoshika metali, yaani saleni) inavyoishika nikeli; ya shaba yaandike kwa kadiri vipimo vyake vyenyewe vinavyoruhusu.